Hiyo ni Thabai, si Upupu

Upupu ni mmea mwitu unaotambaa na kupanda juu ya miti, jamii moja na maharagwe, wenye maganda yaliyojaa vinyweleo vinavyowasha. Basi. Aliyesoma shule ya bweni anaujua, kama si kwa kumwagiwa kitandani, ni kwa kuwamwagia wenziwe.

Kinachonikera ni hii "chai ya upupu" inayonadiwa hapa Mombasa, eti yaongeza damu. Fungua pakiti: thabai tupu, ile mboga ya bara ambayo Wakikuyu huiponda pamoja na viazi. Mboga nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini thabai haipandi mti. Husimama wima, na jani lake lina visindano vyenye maji ya kuchoma, ambavyo ukishavichemsha vimekwisha.

Upupu hauna hata kisindano kimoja cha namna hiyo. Balaa lake liko kwenye ganda, lililojipinda mfano wa herufi S na kuvikwa manyoya ya rangi ya dhahabu. Likikauka, manyoya hung'oka kwa upepo tu. Huna haja ya kuligusa, wewe pita karibu. Vinyweleo hivyo vina kimeng'enya kiitwacho mukunaini, kinachochokoza mishipa ya fahamu moja kwa moja, ndiyo maana vidonge vya aleji mara nyingi havifui dafu. Na ukijikuna ndio unavizidisha ndani.

Faida ya upupu kama dawa iko kwenye mbegu. Matabibu wa Kihindi wamezitumia tangu zamani kwa ugonjwa wa kutetemeka, na mwaka 1937 watafiti wa India walitoa humo levodopa, dawa ambayo leo ndiyo tegemeo la hospitali kwa wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayotetemesha mwili. Manyoya nayo yaliwahi kuchanganywa na shira au asali yakanywewa kufukuza minyoo. (Wazee hao walikuwa na moyo!) Ila levodopa si ya kupimia kijiko: kiwango chake hutofautiana mbegu kwa mbegu, huleta kichefuchefu na kushusha presha, na mwenye dawa za Parkinson tayari asijiongezee bila daktari wake kujua.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye pakiti, andika tu thabai. Itauzika vilevile, pengine zaidi, maana sijui ni Mpwani gani atakayetoa pesa yake anyweshwe upupu.