Katuni kabla ya insha: kufundisha yanayokosekana kati ya sentensi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Mtwara hashindwi na sentensi, hushindwa kuziunganisha. Aya yake inasema mkulima wa korosho alipuliza salfa, dawa ya kukinga mikorosho, mara tuko mnadani, msomaji kaachwa njiani. Ndiyo maana naanza na katuni: huko mruko huo unaonekana kwa macho.

Kunja karatasi ya A4 upate visanduku sita. Kila mmoja achore kwa penseli jambo analolijua, kwa mfano korosho kutoka shambani hadi mnadani. Vichwa vya duara na miili ya mistari vinatosha. Dakika 20, bila neno hata moja. Muda usiongezwe, maana wenye mkono wa kuchora watatia vivuli majani ya mkorosho na hoja itasahaulika.

Kisha wabadilishane. Anayepokea haelezi yaliyomo visandukuni. Anaandika sentensi moja kwa kila pengo kati ya visanduku, yaani tano. Kazi yenyewe iko hapa. Kisanduku cha pili: mtu anapuliza salfa asubuhi, upepo haujaanza. Cha tatu: magunia ghalani. Katikati je? Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hushambulia maua na majani machanga, salfa huyakinga, maua yaliyonusurika huzaa, korosho huokotwa na kuanikwa. Mchoraji alikuwa nayo yote kichwani, karatasini hayamo. Msomaji akikwama, mchoraji aongeze kisanduku au aandike maelezo.

Scott McCloud, mchora katuni wa Marekani, mwaka 1993 aliainisha njia sita za kuvuka pengo hilo. Kwa kuanzia mbili zinatosha. Kutoka tendo hadi tendo, "kisha" au "ndipo" hutosheleza. Kutoka mahali hadi mahali pengine, inahitajika sentensi nzima ya kumhamisha msomaji.

Sentensi hizo zikigeuzwa kuwa aya, tatizo sugu ni ile inayoanza "Katika picha ya kwanza tunaona…" Hutokea kwa sababu mchoro uko mezani na mwanafunzi anausimulia. Kusanya michoro yote kabla hawajaanza kuandika aya. La pili ni "hivyo" kila mahali. Muulize kama tukio la kwanza limesababisha la pili au limetangulia tu. Hili halitaki haraka, kwani hoja nyingi za kitaaluma huporomokea hapo.

Alama naweka kwenye aya tu. Mchoro naubana nyuma yake kwa pini, na pengo lisilojazwa nalizungushia kalamu nyekundu.