Hakuna anayeuza nafasi ya kwanza Google

Wiki iliyopita alikuja ofisini mama mwenye gesti maeneo ya Shangani, hapa Mtwara mjini. Hata salamu hazijaisha akaniuliza, "Dada, nikupe shilingi ngapi uniweke wa kwanza Google?" Swali hilohilo nimeulizwa na fundi wa friji wa Chikongola, na muuza vinyago wa Mikindani, na wauza korosho wawili kwa siku moja. Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naliandika.

Google haiuzi nafasi kwenye matokeo ya kawaida. Haipokei pesa ili ikupandishe, wala haipokei pesa ili iipitie tovuti yako mara nyingi zaidi. Kwenye maelekezo yake kwa wenye tovuti imeandika waziwazi kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja. Kinachouzwa ni matangazo. Tangazo lina alama yake inayoonekana, kwa kawaida unakatwa pesa kila mtu anapolibofya, na salio likiisha limetoweka. Matangazo si kitu kibaya, mimi mwenyewe nawawekea wateja. Lakini kulipia tangazo hakukusogezi hata hatua moja kwenye yale matokeo mengine, na anayekuchanganyia mambo hayo mawili ama hajui kazi au anajua na anakuibia.

Mama wa Shangani alikuwa ameshalipa. Kijana mmoja alimtengenezea tovuti kwa laki sita, akaongeza laki mbili za "kumpandisha". Siku ya makabidhiano alimwambia achukue simu aandike jina la gesti. Mama akaandika, jina kamili, akaiona gesti yake juu kabisa. Akafurahi, akamalizia malipo.

Hapo ndipo ninapokasirika. Namba moja kwa neno gani? Jina la gesti yako hakuna unayeshindana naye. Google ikishaujua ukurasa wako, utatokea juu kwa jina hilo bila kumlipa mtu hata shilingi. Na anayeliandika jina lako ni yule anayekujua tayari. Mgeni aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam usiku, mwili umechoka na chaji imebaki kidogo, hakujui. Anaandika "gesti Mtwara mjini" au "gesti karibu na stendi". Tukayaandika maneno hayo palepale kwenye simu yangu, tukashuka orodha nzima. Mama hakuwemo.

Kuna na la pili ambalo hakuambiwa. Siku ile alitafuta akiwa amekaa mapokezi, ndani ya gesti yake. Mtu akitafuta huduma ya mahali fulani, Google inapima mambo makubwa matatu: biashara inaendana kiasi gani na kinachotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inafahamika kiasi gani. Umbali umo. Aliyesimama Shangani na aliyesimama Mikindani, kilomita kama kumi tu kati yao, wanaweza kuandika maneno yaleyale na kupata orodha mbili tofauti. Sasa hiyo namba moja uliyouziwa ni ya simu ya nani, akiwa wapi?

Laki mbili zake hazikurudi. Tulichofanya sisi hakikuhitaji laki mbili. Tulikwenda kwenye Profaili ya Biashara ya Google, ile inayotokea kwenye ramani ikiwa na simu, picha na nyota. Ni bure kuifungua, na kuithibitisha pia ni bure. Siku hizi mara nyingi wanataka video unayojirekodi kwa simu, ukionyesha barabara, kibao na mlango, na kitu cha kuonyesha kwamba kweli wewe ndiye unayeendesha biashara pale. Tulikuta kuna mtu aliwahi kuiweka gesti hiyo kwenye ramani. Pini ilikuwa mtaa wa nyuma, namba ya simu ni ya laini iliyokufa, na aina ya biashara imeandikwa mgahawa. Gesti inayojitambulisha kama mgahawa itamtokeaje mtu anayetafuta chumba? Tukarekebisha hayo matatu kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kisha picha. Hapa nina sharti ambalo silegezi: picha ya kwanza iwe ya mlango na kibao, mchana, imepigwa kutoka pale ambapo abiria wa bajaji angekiona. Wateja wangu wote wanataka kuanza na kitanda chenye taulo zilizokunjwa kama bata. Kitanda kifuate. Mgeni anataka kwanza kujua amefika.

Halafu nikampa kazi ninayompa kila mtu. Nunua daftari, liweke kaunta, na kila swali linalokuja kwa simu au WhatsApp liandikwe kama lilivyoulizwa, usilisafishe. Fanya hivyo wiki mbili. Baada ya siku nne tu mama alikuwa na haya: "Fuso inaingia ndani ya geti?" "Saa nane usiku mnafungua?" "Kutoka stendi bajaji bei gani?" "Maji ya moto yapo?" Hayo ndiyo maneno ambayo watu wanayaandika Google. Hakuna programu ya kulipia itakayokupa maneno ya wateja wako vizuri kuliko daftari hilo. Ukurasa wa tovuti unaoyajibu moja baada ya jingine, kwa bei halisi na maelekezo ya njia, unafanya kazi ambayo "kupandishwa" hakujawahi kuifanya.

Na subira inatakiwa. Namba ya simu na pini vikirekebishwa huonekana mapema, lakini tovuti ni shughuli nyingine. Google wenyewe wanasema mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka mzima tangu uanze kuboresha mpaka uone faida. Wenye gesti na migahawa wananijia Septemba, kwa sababu minada ya korosho inakaribia na mji utajaa wanunuzi na madereva. Njooni Februari au Machi. Septemba naweza kukuwekea tangazo tu, na nitakwambia hivyo.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, muulize hivi: profaili iko kwenye barua pepe ya nani, na jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani? Nimekuta duka Masasi ambalo profaili yake ipo kwenye akaunti ya kijana aliyehamia Dodoma na hapokei simu. Unaweza kuomba umiliki kupitia Google, mwenye akaunti anapewa siku chache za kujibu, na mara nyingi inawezekana. Lakini ni usumbufu ambao ungeepukika kwa dakika kumi. Jina la .co.tz nalo ni mali yako, lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, na kumbukumbu za usajili uwe nazo wewe. Na akikupigia mtu anayesema yeye ni Google, kwamba usipolipa leo biashara yako inafutwa kwenye ramani, kata simu. Kuwepo pale hakulipiwi.

Ya pili kwa kuniudhi ni hii: "Google haijui Kiswahili, tuandikie Kiingereza." Inakijua. Mtu wa Ligula ambaye friji imemfia na samaki wamo ndani anaandika "fundi friji Mtwara", na ukurasa wako umeandikwa Kiingereza ambacho hata wewe mwenyewe hukisomi. Ukiwa unapokea watalii wanaokwenda kuona majengo ya kale ya Mikindani, au huko Lindi magofu ya Kilwa Kisiwani, basi weka kurasa za Kiingereza kando, zilizoandikwa na mtu na kusomwa na mtu. Mteja wa nyumbani muandikie kwa lugha yake.

Hapohapo niseme kuhusu mabango. Biashara nyingi za kwetu zinaweka kila kitu ndani ya picha moja iliyopambwa: bei, simu, mahali, saa za kazi. Kwa stetasi ya WhatsApp inafaa. Kwenye tovuti, Google inategemea sana maandishi, na bei iliyozama ndani ya picha ni rahisi kuikosa. Mteja naye hawezi kuibofya namba ya simu iliyochorwa. Andika kwa herufi za kawaida. Na picha zenyewe zipunguze uzito, watu wanatumia bando. Google inaipima tovuti yako kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo usiikague kwa kompyuta ya ofisini kwangu. Azima simu ya bei nafuu kuliko zote pale dukani, zima waifai, fungua, hesabu sekunde.

"Nina wafuasi elfu kumi Instagram, Google ya nini?" Vizuri, endelea nao. Lakini wangapi kati yao wako Mtwara, na wangapi wamewahi kununua? Anayepitisha picha usiku kitandani na anayetafuta pa kula sasa hivi ni watu wenye nia tofauti. Kama hao elfu kumi uliwanunua, sina la kukusaidia hapo.

"Rudia neno mara nyingi." Hapana. Yule muuza vinyago alikuwa na ukurasa unaosema vinyago Mtwara, vinyago bora Mtwara, vinyago bei rahisi Mtwara, mpaka chini. Hiyo inakiuka masharti ya Google na inamkimbiza msomaji. Nikamwambia aandike mti gani ametumia, kinyago kina urefu gani, kilichongwa kwa siku ngapi, kinafungwaje kusafirishwa. Ile sehemu iliyofichwa ndani ya tovuti ya kujaza maneno muhimu nayo, ambayo watu bado wanatozwa pesa kwa ajili yake, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Na usibandike maneno ya kutafutia kwenye jina la biashara kwenye ramani. Jina ni lile lililoko kwenye kibao, ukilirefusha wanaweza kuisimamisha profaili yako.

Viungo, yaani linki za tovuti nyingine zinazoelekeza kwako, mia tano kwa elfu thelathini: usinunue. Tangu mwaka 2012 Google imekuwa ikiviwinda kwa makusudi.

Nyota za kununua, vivyo hivyo. Hata soda unayompa mteja ili akuandikie maoni imekatazwa. Muombe tu wakati anakurudishia ufunguo, wengi wanakubali. Akiandika mtu vibaya, mjibu. Mama wa Shangani ana maoni ya nyota mbili kwamba umeme ulikatika na jenereta haikuwashwa, alitaka nimfutie. Maoni ya kweli hayafutwi kwa sababu yanauma. Tuliandika pamoja jibu la mistari miwili: pole, ni kweli, jenereta ilikuwa kwa fundi, sasa imerudi na inawashwa. Siku tatu baadaye dereva mmoja wa Fuso alipiga simu akiwa bado Lindi, akauliza kama ile jenereta kweli imerudi, akalipia chumba.