Mtoto wa kilo 12 na mililita 3.6

Mtoto mwenye malaria kali ana uzito wa kilo 12. Ameandikiwa sindano ya atesuneti kwenye mshipa. Utavuta mililita ngapi?

Maswali ya aina hii huwatoa jasho wahitimu wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi. Nafundisha na kusahihisha majaribio yao, na naona jambo lile lile kila mara: kuzidisha na kugawanya wanajua, ila wanakokotoa kana kwamba hakuna kichupa wala mtoto.

Basi tuanze na kichupa. Kina unga wa miligramu 60. Unga huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti mpaka uwe mwangavu. Ukibaki na ukungu, tupa. Halafu unaongeza selaini: mililita 5 ikiwa dawa inakwenda mshipani, mililita 2 ikiwa inakwenda kwenye msuli. Hapo ndipo mtego ulipo. Ya mshipa inakuwa mililita 6, kila mililita ina miligramu 10. Ya msuli inakuwa mililita 3, kila mililita ina miligramu 20.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, na wa kilo 20 na kuendelea apewe 2.4. Wengi hushangaa mdogo kupewa zaidi. Sababu ni kwamba kwa kipimo kile kile cha kilo, dawa inayopatikana kwenye damu ya mtoto mdogo huwa pungufu kuliko ya mtu mzima.

Sasa hesabu ni nyepesi: 12 mara 3 ni miligramu 36, sawa na mililita 3.6 za mshipa au 1.8 za msuli. Aliyechanganya dawa ya msuli kisha akavuta 3.6 amempa mtoto miligramu 72, dozi mara mbili, na kwenye karatasi hesabu yake imenyooka kabisa. Aliyetumia 2.4 amempa 28.8, pungufu kwa moja ya tano. Dozi hurudiwa baada ya saa 12 na baada ya saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Hapo anaanzishiwa dawa mseto, siku tatu kamili. Hili la mwisho husahaulika sana.

Dripu nazo zina kisa chao. Kanuni kila mtu anaikariri: mililita, mara idadi ya matone katika mililita moja, gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 (yaani mililita moja hutoka kwa matone 20), ni matone 42 kwa dakika. Wodini hakuna atakayesimama dakika nzima: hesabu sekunde 15, utarajie kama matone 10 au 11.

Mrudie mtoto wetu wa kilo 12, safari hii ana miaka miwili, anaharisha na ameishiwa maji vibaya. Anahitaji mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, yaani 360. Kwa mpira wa matone 20 unapata matone 240 kwa dakika. Kwa mpira wa watoto wenye matone 60 unapata 720, na hapo kalamu inapaswa kusita, maana hakuna jicho litakaloyahesabu na mpira wenyewe hautayapitisha. Chukua mpira wa matone makubwa, fungulia, kisha fuatilia alama za ujazo kwenye chupa. Lakini kama mtoto huyo ana utapiamlo mkali, mpango huu haumhusu. Moyo wake haumudu maji ya kasi hiyo, na dripu huwekwa pale tu anapokuwa kwenye mshtuko, yaani damu haizunguki mwilini vya kutosha. Soma sentensi zote za swali kabla ya kugusa kikokotoo.

Nukta nayo ina hatari yake. Andika 0.5, usiandike .5, kwa kuwa nukta ikififia kwenye chati, muuguzi wa zamu ya usiku atasoma 5. Na 5 iandike 5, si 5.0.