"Sampuli haitoshi" sio "huna kansa"

Naomba tuelewane leo maana hili limenichosha kweli. Mtu anakuja na uvimbe shingoni unakua, ukimuuliza mbona amekaa nao muda wote huo anakwambia kipimo cha sindano (tunachoma uvimbe, tunavuta seli, tunazisoma kwa darubini) kilishaonyesha hana kansa, ukiomba karatasi ya majibu unakuta imeandikwa sampuli haitoshi. Jamani! Maana yake tumepata damu tupu kwenye slaidi, hakuna cha kusoma, rudi uchomwe tena, na ikiwezekana kwa kuongozwa na ultrasaundi.

Habari ya mtaani kwamba kuchoma kunasambaza kansa sitakaa nayo sana. Sindano yenyewe ni ile nyembamba ya bluu, geji 23, na seli kuota kwenye njia yake ni nadra mno. Mimi kinachonitisha ni kukata tezi ya shingo (hizi za limfu, sio goita) kabla hatujachungulia mdomoni, kooni na nyuma ya pua, maana kansa ikiwa imetokea huko, matibabu yanakuja kuwa magumu zaidi.

Sasa hata seli zikitosha bado kuna mitego. Nachoma, naisogeza sindano mbele na nyuma haraka haraka, natoa tone, napaka kwenye vioo, kimoja kinakauka kwa hewa kwa ajili ya Giemsa, rangi ya kuonyesha seli, kingine kinazama kwenye spiriti palepale. Ukitoka uchafu mzito mweupe kama maziwa mgando nafikiria TB ya tezi na kilichobaki napeleka GeneXpert, mashine ya kupima TB, ila siachi kutafuta seli za kansa humohumo, kwa sababu tezi yenye kansa nayo inaoza katikati. Yakitoka maji maji kwa mtu aliyepita miaka 40, uvimbe uko pembeni mwa shingo, tafadhali usimwambie ni kifuko cha maji tu aende nyumbani, kansa ya tonsili inaweza kujificha hivyohivyo, tonsili zikaguliwe.

Goita ndiyo inaninyima raha kabisa. Nina seli za folikuli, yaani seli za goita yenyewe, tele, nzuri, na bado siwezi kukwambia kama ni kansa au la, kwa sababu tofauti iko kwenye ganda la uvimbe na mishipa yake ya damu, kama seli zimepenya au hazijapenya, na hilo sindano haileti, mpaka upasuaji. Kuna slaidi namwita mwenzangu tunaiangalia wote na kila mtu anabaki na lake.

Limfoma, kansa ya tezi za limfu, vilevile, naweza kuishuku vizuri tu lakini aina yake nahitaji tezi nzima niione ilivyojipanga. Kwa hiyo nikiandika "toeni tezi nzima" simaanishi kipande, na iletwe kwenye fomalini ya kutosha, ile dawa ya kuzuia isioze, sio kwenye maji ya dripu, ikifika imeoza tunaanza tena upya na mgonjwa ndiye anayesubiri.