Sisi Watu: maneno matatu ambayo Kiswahili kinayafanya mawili

Sheria ya uraia ya Marekani inamruhusu mtu mwenye miaka 55, aliyeishi nchini kwa kadi ya ukaazi wa kudumu miaka 15, kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake mwenyewe. Hapo ndipo mkalimani kama mimi anapopata kazi. Afisa anauliza kwa Kiingereza, nageuza, mzee anajibu, nageuza tena. Wengi ninaowakalimania ni Wakongomani wa Kivu, na baadhi yao walikaa miaka mingi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Kabla ya siku yenyewe tunakaa jioni na madaftari tukipitia maswali.

Katika mtihani wa walioomba uraia kabla ya Oktoba 2025 lilikuwamo swali moja lililotusumbua kila msimu: wazo la watu kujitawala limo katika maneno matatu ya kwanza ya Katiba, ni yapi? Jibu lililotakiwa ni "We the People". Mama mmoja wa Uvira aliinua vidole akahesabu. "Sisi. Watu." Kidole cha tatu kikabaki hewani. "Mwalimu, la tatu liko wapi?"

La tatu halipo. Lile la katikati, "the", ni kibainishi, na Kiswahili hakina haja nacho. Hilo tulilimaliza kwa kicheko. Kilichonitoa jasho ni swali lake la pili: "Na hao watu, ni watu gani?"

Kwa Mtanzania, ulimi unakwenda wenyewe kwenye "wananchi". Katiba yetu inaanza "Kwa kuwa sisi wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", na neno lenyewe ni tamu: mwana wa nchi. Kwa miaka kadhaa nilitafsiri "Sisi Wananchi" bila wasiwasi wowote. Nimeacha, kwa sababu Katiba ya Marekani ina watu na ina raia, na ukiwachanganya hao wawili unaifuta historia yote iliyomo katikati yao.

Turudi Philadelphia, mwaka 1787. Wajumbe 55 walihudhuria mkutano wa kuandika Katiba kwa nyakati mbalimbali kati ya Mei na Septemba, George Washington akiwa mwenyekiti, na mwisho wakatia saini 39. (Wanafunzi wangu hudhani Thomas Jefferson alikuwemo. Hakuwemo. Alikuwa balozi Paris, na John Adams naye alikuwa London. Jefferson ndiye mwandishi mkuu wa Tangazo la Uhuru la 1776, hati nyingine kabisa. Sisi tuliozoea Baba wa Taifa mmoja, hawa wenzetu wenye waasisi wengi wanatuchanganya.)

Rasimu ya Agosti haikuanza kwa maneno tunayoyajua leo. Ilianza "Sisi watu wa majimbo ya New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island", ikaendelea hivyo hadi kuyamaliza yote 13. Tatizo ni kwamba Rhode Island haikutuma hata mjumbe mmoja, na Katiba ingeanza kutumika majimbo tisa tu yakiridhia. Utayatajaje majina ya majimbo ambayo huenda yakakataa? Kamati ya kunyoosha lugha, ambamo kalamu ilishikwa zaidi na Gouverneur Morris wa Pennsylvania, mtu wa mguu wa mti na ulimi mkali, ikafuta orodha yote na kuandika "Sisi Watu wa Marekani". Karani Jacob Shallus akainakili Katiba nzima kwenye kurasa nne za ngozi kwa malipo ya dola 30, maneno hayo ya kwanza akiyaandika makubwa kuliko mengine.

Mabadiliko hayo hayakupita kimya. Katika mkutano wa Virginia wa kuijadili Katiba, Juni 1788, Patrick Henry aliuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kusema "sisi watu" badala ya "sisi majimbo". Yeye aliona majimbo yanamezwa. Wala hakuwa akiuliza swali la mama wa Uvira.

Swali la mama lilikuwa limekwisha kuulizwa, kule kule Philadelphia mwaka 1787, na Morris huyo huyo. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wahesabiwe katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, ingawa hawakuruhusiwa kupiga kura. Tarehe 8 Agosti Morris akasimama: je, hao ni watu? Basi wafanyeni raia, wapige kura. Je, ni mali? Mbona basi mali nyingine haihesabiwi? Maneno haya tunayo kwa sababu James Madison alikuwa akiandika kumbukumbu za mjadala siku baada ya siku.

Morris alishindwa. Ikabaki hesabu ya tatu kwa tano: watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, na mabwana zao wapate viti zaidi kwa migongo yao. Sasa angalia lugha yenyewe. Neno "mtumwa" halimo katika Katiba ya 1787. Wanatajwa kama "watu wengine wote". Kifungu kinacholizuia Bunge kupiga marufuku biashara ya watumwa kabla ya 1808 kinasema "watu wa aina hiyo". Anayetoroka ni "mtu" aliyefungwa na utumishi au kazi. Madison mwenyewe, aliyemiliki watumwa, alisema mkutanoni si sawa kuingiza katika Katiba wazo kwamba binadamu anaweza kuwa mali. Aibu ikafichwa ndani ya neno "watu". Utumwa ulikuja kutajwa kwa jina lake mwaka 1865, katika Marekebisho ya 13 yaliyoufuta.

Ndiyo maana sithubutu tena kuandika "wananchi". Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba "watu wa Marekani" na "raia" ni maneno yenye maana moja, kisha akahitimisha kwamba wenye asili ya Afrika, hata walio huru, hawamo. Tafsiri yangu ya zamani ilikuwa inampa Taney hoja yake bure.

Kiswahili kina ukarimu wake pia, na unahitaji kuchungwa. Tangazo la Uhuru linasema, kwa tafsiri yetu, "watu wote wameumbwa sawa". Neno la Kiingereza pale ni la wanaume. Ngeli yetu ya m-wa haijali nani mume nani mke, kwa hiyo Jefferson anatoka msafi kuliko alivyokuwa. Haki ya kupiga kura bila kubaguliwa kwa jinsia ilisubiri hadi 1920 kuingia katika Katiba. Jimbo la New Jersey liliandika "wakazi wote" katika katiba yake ya 1776, na kwa neno hilo wajane na wanawake wasioolewa wenye mali walipiga kura mpaka 1807, sheria ilipowafungia mlango.

Jaji Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikwenda London kwa mwaliko wa Tom Mboya kuwasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kuhusu ulinzi wa haki katika katiba yao, alisema wazi mwaka 1987 kwamba walioandika "Sisi Watu" hawakuwa wakiifikiria sehemu kubwa ya raia wa nchi hiyo.

Kilichomgusa zaidi mama wa Uvira, lakini, ni Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868. Yanaanza kwa kutaja nani ni raia: aliyezaliwa nchini au aliyepewa uraia. Kisha yanageuza neno: jimbo lisimnyime "mtu yeyote" uhai, uhuru au mali bila kufuata sheria. Mtu, si raia. Kwa Marekebisho hayo hayo, mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Yick Wo, dobi Mchina wa San Francisco asiye raia. Wachina karibu 200 walikuwa wamenyimwa kibali cha kufulia katika nyumba za mbao, huku wasio Wachina karibu wote wakipewa.

Mama aliniuliza kama hilo linamhusu yeye aliye na kadi tu. Nikamwambia linamhusu tangu siku aliyoshuka kwenye ndege. Akachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, upande mmoja akaandika MTU, mwingine RAIA, akaanza kuniuliza kura iende wapi, kesi iende wapi, kodi iende wapi. Kodi aliiweka chini ya MTU kabla sijafungua mdomo.

Siku ya mtihani aliulizwa swali lile. Akajibu, "Sisi Watu wa," akakunja vidole vitatu.