Pahom hakuponzwa na shetani: ile hadithi ya ardhi ya Tolstoy tunavyoisoma vibaya

Hadithi fupi ya Leo Tolstoy ya 1886, ile ya mkulima Pahom na swali la mtu anahitaji ardhi kiasi gani, inasimuliwa sana ila wengi wanaruka vitu vilivyomo, kofia, koleo, viatu, na kwa mtu wa semiotiki (elimu ya ishara na maana zake) humo ndo maana ilipo.

Kwanza, eti shetani ndo kamponza hadi akafa. Jamani, shetani alikuwa nyuma ya jiko anasikiliza, akaazimia kumnasa kwa ardhi hiyo hiyo, ila Pahom mwenyewe ndo alianza kujigamba kwamba akipata ardhi ya kutosha hamwogopi hata shetani.

Wengine wanasema Wabashkiri, watu wa nyika za Urusi waliomuuzia ardhi, walimtapeli. Masharti yalikuwa wazi kabisa: rubli 1000 (hela ya Urusi) kwa ardhi yote utakayoizunguka kwa siku moja, unazunguka kwa miguu unachimba alama na koleo, urudi ulipoanzia kabla jua halijazama, ukichelewa hela imeenda. Mkuu wao akavua kofia yake ya manyoya ya mbweha akaiweka chini, na hela ikawekwa juu yake. Yani kofia moja ni mwanzo, ni mwisho, na ni mahali pa pesa, sa ukiiita alama ya mpaka tu umepoteza nusu ya hadithi.

Ila dhana inayoniuma zaidi ni kwamba Pahom ana tamaa na hana ibada. Ibada anayo, tena kali, ila kaielekeza kwenye udongo. Jua linazama anakimbia, anatupa koti, viatu, chupa ya maji, kofia yake, anabaki na koleo tu, kama haji anayevua vya dunia. Na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameota maiti ya mtu peku, shati na suruali basi, kuangalia vizuri ni yeye, akaamka akaona ni ndoto tu. Kwa hiyo kila anachotupa ili awahi ardhi kinamfananisha zaidi na ile maiti.

Na hapana, Tolstoy hamlaumu mkulima kwa kutaka shamba. Wakulima wa Urusi walitoka kwenye utumwa wa mashambani 1861 tu, na Pahom alikuwa akitozwa faini kila mifugo yake ikiingia kwa tajiri jirani. Alipopata shamba lake, mwanzo aliwavumilia wenzake, baadae akawapeleka mahakamani wakatozwa faini kwa kosa lile lile. Mimi tamaa naihesabu kuanzia hapo, kabla hata hajasikia habari za Wabashkiri.