Presibuku: habari ya sinema iliyokuja na nafasi ya kujaza

Presibuku ni kitabu cha matangazo ambacho studio za filamu za Marekani zilimpelekea mwenye jumba la sinema kabla filamu haijafika kwake. Enzi zake za kutamba ni miaka ya 1930 na 1940, MGM, Paramount, Warner Bros., RKO na 20th Century-Fox zilipokuwa zikitengeneza filamu, zikizisambaza, na kumiliki majumba makubwa ya mijini. Miji midogo ilikuwa na majumba mengi ya watu binafsi, na mwenye jumba hakuwa na idara ya matangazo. Presibuku ndiyo iliyokuwa idara yake.

Ndani yake mlikuwa na orodha ya mabango ya kuagiza, mbinu za kuvuta watu (maonyesho ya dirishani dukani, mashindano ya watoto, gwaride la barabarani), na kurasa nzima za habari zilizokwisha kuandikwa. Habari hizo ndizo zinazonishughulisha zaidi. Zilisomeka kama kazi ya mwandishi wa gazeti: nyota fulani kajifunza kupanda farasi kwa ajili ya filamu hii, mwongozaji kakataa kutumia mandhari ya kuchora. Kisha sentensi inaacha nafasi tupu, yenye nukta tu, ya kuandika jina la jumba na siku ya kuanza. Mhariri wa gazeti la mji alijaza hapo, habari ikaenda mtamboni.

Hata picha zilikuja tayari. Studio ilisambaza matrisi, karatasi nzito iliyogandamizwa hadi ikabeba umbo la tangazo zima, herufi na sura za wachezaji. Mpiga chapa aliimiminia risasi iliyoyeyushwa, ikapoa, akapata bamba la kuchapia. Mji usio na mchonga picha hata mmoja ukawa na tangazo zuri sawa na la New York.

Kwa hiyo, ukisoma gazeti la zamani ukakuta sifa za filamu bila jina la mwandishi, usiharakishe kusema wenyeji waliipenda. Tafuta presibuku yake kwanza. Za Warner Bros. zipo nyingi mtandaoni, katika Maktaba ya Kidijitali ya Historia ya Vyombo vya Habari, na mara nyingi utaikuta aya ile ile, neno kwa neno.

Sauti ya mwenye jumba mwenyewe naipata kwingine: Motion Picture Herald, jarida la wafanyabiashara wa sinema lililoanza kwa jina hilo mwaka 1931. Lilikuwa na safu ambayo wenye majumba waliwaandikia wenzao jinsi filamu ilivyowalipa. Mistari michache tu: filamu nzuri lakini ndefu mno, watoto walicheka, mvua ilinyesha na viti vikabaki vitupu.